Maswali Yenu: Mtoto anataka kufundisha sheria, sio kuwa wakili

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili mitatu tu habari za Georges Vedel, profesa wa Kifaransa wa sheria ya katiba aliyewahi kuongoza kitivo cha sheria cha Paris, nikasema vijana wetu wanaosoma sheria ingefaa wamjue. Maswali yamekuja kutoka Njiro, Kijenge, Usa River, Moshi mjini mpaka Rombo, kwahiyo safari hii ukurasa wote nampa yeye. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Mama wa Njiro, Arusha, anauliza: Habari za kazi. Mwanangu wa kwanza anamaliza digrii ya sheria mwakani. Sisi tulishapanga aende Dar kwenye mafunzo ya sheria kwa vitendo halafu aapishwe uwakili, sasa kaja na lake kwamba anataka kubaki chuoni afundishe katiba. Baba yake amenuna, anasema mwalimu wa sheria ni wakili aliyeshindwa. Wewe ulimsifia huyo Vedel. Alianzia wapi, alifika wapi, na alikuwa anakula nini?

Mama, salama kabisa, na pole na hiyo hali hapo nyumbani. Nianze na la mwisho maana najua ndo linalomnunisha baba. Profesa wa chuo cha umma Ufaransa ni mtumishi wa serikali, ana mshahara wa kueleweka, hafi njaa na hawi tajiri, na anayetaka nyongeza anaandika vitabu au anatoa maoni ya kisheria kwa malipo. Kwahiyo pesa ya wakili mkubwa wa mjini mwanao asiitegemee, hilo baba yuko sawa na mwambie nimemuunga mkono. Lakini hilo la wakili aliyeshindwa hapana, hapo nakataa kabisa na ntaeleza kwanini.

Vedel alizaliwa Julai 1910 Auch, mji mdogo wa kusini magharibi ya Ufaransa, mbali kabisa na Paris, ni huko kwa mashamba na mabata. Akasoma sheria Toulouse, tasnifu yake ya udaktari ikatoka 1934, akapita ule mtihani mgumu wa kupata uprofesa (ntaueleza chini, kuna kijana kauliza), akaanza kufundisha Poitiers kisha Toulouse. Vita ikaja, akatekwa na Wajerumani, miaka ya ujana wake ambayo mtu ndo angekuwa anajijenga ikaishia kwenye kambi ya mateka. Alivyorudi akashika chaki tena. Mwaka 1949 akahamia kitivo cha Paris na mwaka huohuo akatoa kitabu chake cha kufundishia sheria ya katiba, kitabu ambacho wanasheria wa Ufaransa wamekisoma kizazi baada ya kizazi.

Sasa angalia kilichofuata mama, halafu uniambie kama huyu alishindwa. Mwaka 1956 na 1957 mataifa sita ya Ulaya yanajadiliana kuanzisha soko la pamoja, Ufaransa ikamchukua Vedel awe mshauri wa sheria wa ujumbe wake, na mikataba ya Roma ikasainiwa Machi 1957. Mwaka 1962 akawa mkuu wa kitivo cha sheria cha Paris, akakaa mpaka 1967. Mwaka 1969 akaingia Baraza la Uchumi na Jamii, chombo cha kushauri serikali na bunge. 1980 Rais Giscard d'Estaing akamteua kwenye Baraza la Katiba, ndo chombo cha kule kinachoamua kama sheria iliyopitishwa na bunge inaenda sawa na katiba, akakaa miaka 9 mpaka 1989. Mwishoni mwa 1992 Rais Mitterrand, ambaye ni wa kambi nyingine kabisa ya siasa, akampa kamati ya kupendekeza marekebisho ya katiba. Na 1998, akiwa na miaka 87, Académie française, ile taasisi kongwe inayolinda lugha ya Kifaransa, wakampigia kura akawa mmoja wao. Alifariki Februari 2002.

Kitu kimoja nataka baba akione hapo. Hizo kazi zote hakuna hata moja aliyoipata kwa kugombea ubunge wala kwa kuwa mtu wa karibu wa chama. Walimfuata kwasababu alikuwa anafundisha vizuri na anaandika vizuri, yaani watu waliokuwa wanaandika sheria na wanaoziamua wengi walishakaa kwenye madawati yake au walishasoma kitabu chake. Rais wa kulia alimtuma na rais wa kushoto alimtuma. Na mpaka anakufa Wafaransa walikuwa wanamwita Doyen Vedel, yaani mkuu wa kitivo, ujaji wa katiba ulikuja ukapita lakini cheo kilichobaki mdomoni mwa watu ni kile cha chuoni, alichokiacha 1967.

Hata hapa kwetu mbona wapo. Profesa Kabudi alikuwa anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakaa kwenye Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba, baadae 2017 akawa waziri wa katiba na sheria. Profesa Chris Maina Peter wa hukohuko Mlimani alikaa miaka kadhaa kwenye Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Profesa Shivji, sijui kama kuna mwanasheria wa nchi hii anayejiita msomi ambaye hajawahi kumsoma. Wote hao walimu.

Ushauri wangu: hizo njia mbili msizigombanishe. Mwache akamalize mafunzo ya vitendo aapishwe, halafu aombe masta. Mwalimu wa sheria mwenye leseni ya uwakili hakuna aliyemkataza kufundisha, na baba roho itatulia.

Mwalimu wa sekondari, Moshi, anauliza: Umeandika "aliongoza kitivo" kama vile ni jambo kubwa sana. Mkuu wa kitivo si ni mtu wa vikao na ratiba tu?

Mwalimu, kwa vyuo vya sasa nakuelewa. Ila Ufaransa ya wakati ule ilikuwa tofauti, kitivo ndo kilikuwa chuo chenyewe, kina maprofesa wake, majengo yake, mitihani yake, na mkuu wake alikuwa anatoka miongoni mwa maprofesa wenyewe. Chuo Kikuu cha Paris kama jina kilikuwepo, lakini juu yake alikaa rekta aliyeletwa na serikali, na maisha halisi ya mwanafunzi yalikuwa kitivoni. Kwahiyo kuongoza kitivo cha sheria na uchumi cha Paris mwaka 1962 ni kuongoza chuo kikubwa kabisa cha sheria nchini, tena wakati wanafunzi wanamiminika, watoto waliozaliwa baada ya vita ndo wanafika umri wa chuo, kumbi hazitoshi, walimu hawatoshi. Aliachia 1967. Mwaka uliofuata, Mei 1968, wanafunzi wakawasha moto Paris, na Novemba mwaka huohuo ikaja sheria iliyovunja vile vitivo vya zamani. Chuo Kikuu cha Paris kikagawanywa vyuo 13, maprofesa wa sheria wakagawanyika, wengine wakaenda Paris 1, wengine Paris 2. Vedel alienda Paris 2.

Mi huwa nafikiri sana hiyo miaka. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wachache unaoweza kuwakalisha darasa moja la shule ya msingi. Mwaka mmoja baadae Vedel anakabidhiwa kitivo cha Paris kinachopasuka kwa wingi wa watu. Huku tatizo lilikuwa nchi haina mawakili wazawa wa kutosha kuhesabu kwa vidole, kule tatizo viti. Ukuu wa kitivo pande zote mbili ulikuwa kazi ya kujenga kitu, sio vikao tu.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwao Rombo, anauliza: Kaka mi nasoma sheria, napenda sana katiba, ila nikisimama kwenye mahakama ya mazoezi wenzangu wanacheka lafudhi yangu. Nimeanza kukwepa. Pia ulitaja mtihani wa maprofesa wa Ufaransa, ukoje?

Mdogo wangu, usikwepe. Vedel alikuwa na lafudhi ya kwao, ya Gascogne, na hakuiacha Auch. Alienda nayo Paris, akafundishia nayo kwenye kumbi za mamia ya watu, akaingia nayo Baraza la Katiba. Waliomfahamu wakimkumbuka hiyo lafudhi wanaitaja kwa mapenzi kabisa. Wafaransa kwa lafudhi za mikoani ni wakali, Paris wanakuona wa kuja palepale unapofungua mdomo, kwahiyo haikuwa rahisi kwake pia. Lakini hoja ikiwa imenyooka watu wananyamaza wasikilize. Na majaji wetu wenyewe, nenda mahakama kuu pale Moshi siku ya kesi ukasikilize, utasikia Kichaga, Kihaya, Kisukuma na Kipare ndani ya Kiswahili na Kiingereza, na hukumu zinatoka vizuri tu.

Kuhusu mtihani. Unaitwa agrégation, ni mashindano ya kitaifa, unakuwa umeshamaliza udaktari na nafasi ni chache. Unapita hatua kadhaa za kusimama mbele ya jopo la waamuzi na kutoa somo. Hatua inayoogopwa kuliko zote ni somo la saa 24. Unachora mada asubuhi, haujui ni nini mpaka uichore, halafu una saa 24 tu ya kuandaa somo zima. Kinachonivutia ni kwamba unaruhusiwa kusaidiwa. Watahiniwa wanakuwa na timu ya marafiki, wengine wanakimbilia maktaba kuleta vitabu, mwingine anasoma hukumu, mwingine anabishana na wewe usiku kucha kuhusu mpangilio, mana Wafaransa kwenye sheria wanapenda somo ligawanywe sehemu mbili, na kila sehemu nayo mbili, ukija na tatu bila sababu ya msingi wanakuangalia vibaya. Kesho yake unaingia peke yako, hujalala, unaongea kwa dakika zilizopangwa, zisizidi.

Mi nimekuwa mkalimani wa Kifaransa hapa Arusha miaka mingi na nimekutana na wanasheria wa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, wa nchi zilizotawaliwa na Ufaransa, nao wana mtihani wa namna hiyo wa kwao. Wakianza kusimulia ule usiku utadhani wanasimulia msiba au harusi, wanataja mpaka nani alipika chai. Na wengi wanakwambia bila timu asingepita. Kwahiyo we hapo ulipo tafuta wenzako watatu wanne, boom (pesa ya mkopo wa chuo) likitoka changeni mtoe fotokopi za hukumu, mpeane mada mfundishane. Hao wanaocheka lafudhi waache.

Mzee wa Kijenge, Arusha, anauliza: Mimi nilikuwa kijana hapa mjini Azimio la Arusha lilipotangazwa. Niliona mabenki yanataifishwa. Nimesikia huyo profesa wako alizuia kutaifisha kule kwao. Alikuwa mtu wa mabepari?

Shikamoo mzee. Hili swali nimelipenda sana maana nyie mliona kwa macho.

Hapana, hakuzuia, na habari yenyewe ni tamu zaidi ya hapo. Mwaka 1981 Mitterrand na wasoshalisti walishinda uchaguzi, na walikuwa wameahidi kutaifisha. Desemba bunge likapitisha sheria ya kuchukua makampuni makubwa matano ya viwanda, mabenki kibao na makampuni mawili makubwa ya fedha. Wapinzani wakaipeleka Baraza la Katiba. Sasa wajumbe wa baraza wakati ule wote waliteuliwa na watu wa mrengo wa kulia, Vedel naye aliteuliwa na Giscard, yaani yule yule aliyeshindwa na Mitterrand. Kila mtu alikuwa anasubiri baraza liue ile sheria, na kama lingeiua pengine na baraza lenyewe lisingepona, mana kuna watu kwenye serikali mpya walikuwa hawalipendi kabisa.

Vedel ndo alipewa kuandaa ripoti ya kesi, kwamba aichambue aielezee kwa wenzake kabla ya kuamua. Hilo tunalijua kwasababu kumbukumbu za vikao vya baraza zinafunguliwa baada ya miaka 25, watu wamezisoma. Uamuzi ukatoka tarehe 16 Januari 1982 na uko hivi: kutaifisha kwenyewe ruksa, bunge lina haki ya kuona kwamba manufaa ya umma yanahitaji hivyo. Ila haki ya mali iliyoandikwa kwenye Tamko la Haki la 1789 bado iko hai, ina nguvu ya katiba, na tamko linasema ukichukua mali ya mtu umlipe fidia ya haki, tena umlipe kabla. Kisha wakaingia kwenye hesabu. Sheria ilikuwa inakadiria thamani ya hisa kwa wastani wa bei za miaka ya nyuma, bila kujali vizuri mfumuko wa bei na gawio la mwaka wa mwisho. Baraza likasema hesabu hiyo inawapunja wenye hisa. Serikali ikarudi mezani, ikaongeza fidia, Februari 1982 sheria mpya ikapita na makampuni yakachukuliwa.

Kwahiyo mzee, mrengo wa kushoto walipata viwanda vyao na wenye hisa walipata hela inayofanana na thamani yake. Baraza nalo likapona na likazidi kuheshimika. Nafikiri hapo ndo ualimu wa mtu unaonekana, ametenganisha maswali mawili ambayo kila mtu mtaani alikuwa anayachanganya: je inaruhusiwa, na je inalipwaje.

Hapa kwetu Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967 na kesho yake tu mabenki yakataifishwa. Serikali iliahidi fidia kamili na ya haki. Lakini katiba yetu wakati ule haikuwa na sura ya haki za binadamu, hiyo iliingia 1984 na mahakama zikaanza kuitumia 1988. Maana yake mwenye benki mwaka 1967 hakuwa na mlango wa katiba wa kugonga, alibaki na mazungumzo na serikali. Na mi sio mtu wa kulisema vibaya Azimio, mzee, najua lilitaka nini kwa mtu wa chini. Ila kiu yangu siku zote ni kuwa na mtu wa kukagua ile hesabu, hata kama lengo ni zuri, hata kama anayechukuliwa ni tajiri.

Mwanafunzi wa sheria, Usa River, anauliza: Mhadhiri wetu alisema Vedel alitetea kwamba bunge linaweza kuwapindua majaji kwa kubadili katiba. Hiyo si hatari? Mbona unamsifia?

Namsifia na hapa natofautiana nae, ngoja nieleze vyote viwili.

Vedel aliandika hilo mwaka 1992, kipindi Ufaransa inabishana kuhusu mkataba wa Maastricht, ule uliounda Umoja wa Ulaya. Swali lilikuwa la zamani: majaji hawakuchaguliwa na wananchi, sasa wanapata wapi ubavu wa kufuta sheria ya bunge lililochaguliwa? Jibu lake likachukua picha ya wafalme wa zamani. Enzi hizo mahakama kuu ya Paris ikikataa kusajili amri ya mfalme, mfalme alikuwa anaenda mwenyewe, anakaa pale mahakamani kwenye matakia yake, na akishakaa amri inasajiliwa. Vedel akasema majaji wa katiba hawatawali nchi, mana muda wowote mwenye mamlaka, ambaye leo ni wananchi, anaweza kuja kwa heshima zake zote kama mtunga katiba na kuvunja uamuzi wao. Jaji anachosema tu ni kwamba hili huwezi kulifanya kwa sheria ya kawaida, kalifanye kwa njia ya katiba. Haukupita muda likatokea kweli. Agosti 1993 Baraza la Katiba likafuta vifungu vya sheria ya wahamiaji vilivyogusa haki ya hifadhi, Novemba mwaka huohuo katiba ikabadilishwa.

Kwa hoja ni nzuri sana, inampa jaji uhalali bila kumfanya mfalme. Tatizo langu ni kwamba sisi tumeishi upande wake mchungu. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi akitaka mtu aruhusiwe kugombea bila chama. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akasema ruksa. Hata wino haujakauka, bunge likapitisha marekebisho ya 11 ya katiba na kuufunga ule mlango. Mtikila akarudi, 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa tena haki, 2010 Mahakama ya Rufani ikakaa majaji saba ikasema hilo ni la kisiasa, waachiwe bunge. Akaja hapahapa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yeye na Chama cha Mawakili wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikasema Tanzania imevunja haki zake. Mtikila alifariki 2015, mgombea binafsi bado hakuna, na mwaka 2019 nchi yetu ikaondoa ile ruhusa ya mtu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Ukisoma Vedel kwa makini utaona neno lake zito ni kwamba mwenye mamlaka aje kwa heshima zake zote, kama mtunga katiba. Ufaransa ili ubadili katiba unahitaji mabaraza yote mawili ya bunge yakubaliane kwa maneno yaleyale, halafu iende kura ya maoni au wakae pamoja Versailles na kupata tatu kati ya tano ya kura. Na upinzani kule una nguvu. Mahali ambapo chama kimoja kina theluthi mbili za bunge kwa urahisi, anayekuja sio yule mwenye mamlaka wa Vedel, ni serikali iliyoshindwa kesi. Hapo ndo natofautiana nae, au tuseme nadhani hoja yake inasimama kwenye nchi ambayo kubadili katiba ni kazi kweli, kwingine inamwacha raia uchi. Mhadhiri wako alikuwa sahihi kukuletea, mbishie.

Na kuna upande mwingine wa Vedel ambao wanafunzi hawaambiwi. Kamati yake ilikabidhi ripoti Februari 1993 na kati ya mambo iliyotaka ni raia wa kawaida aliye kwenye kesi aweze kulalamika kwamba sheria inayotumika dhidi yake inavunja katiba. Mpaka wakati ule Ufaransa walioweza kupeleka sheria kwenye Baraza la Katiba walikuwa viongozi wakuu, na tangu 1974 wabunge 60 au maseneta 60. Raia alikuwa nje kabisa. Julai 1993 yakachukuliwa machache, mahakama ya kuwashtaki mawaziri na muundo mpya wa baraza linalosimamia majaji, hilo la raia likaachwa. Likaja kupita 2008, likaanza kutumika Machi 2010, Vedel ameshazikwa miaka nane. Mtanzania alikuwa na haki ya kufungua kesi ya katiba tangu 1988, zaidi ya miaka 20 kabla ya Mfaransa. Sasa hivi sisi tumerudi nyuma, tangu marekebisho ya 2020 lazima uoneshe wewe mwenyewe umeathirika vipi. Hilo lifanyieni tasnifu.

Kijana wa Sakina, Arusha, anauliza: Huyo Vedel ana uhusiano gani na sisi watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Anao, kwa ufupi. Mwaka 1972 aliongoza kundi la wataalamu lililoandika ripoti kuhusu mamlaka ya Bunge la Ulaya, watu wanaiita Ripoti ya Vedel. Kipindi hicho lile bunge lilikuwa la kushauri tu kwa mambo mengi na wajumbe wake walitoka kwenye mabunge ya nchi zao. Kundi likasema bunge lipewe uwezo wa kuamua pamoja na mawaziri kwenye mambo makubwa, na lisisubiri mpaka lichaguliwe na wananchi ndo lipewe nguvu. Uchaguzi wa moja kwa moja ukaja 1979, kuamua pamoja kukaja na Maastricht miaka ya 90. Bunge letu la Afrika Mashariki liko hapohapo barabara ya Afrika Mashariki, wajumbe tisa kila nchi, wanachaguliwa na mabunge ya nchi na sio na sisi. Mabishano ni yaleyale, yule aliyesema tuanze na uchaguzi na yule aliyesema tuanze na mamlaka, na ripoti ya 1972 ina hoja nyingi ambazo wabunge wetu wangeweza kuzichukua zikiwa zimeshapikwa.

Dada wa Moshi mjini anauliza: Mi sio mwanasheria, napenda riwaya. Kuna chochote kwa ajili yangu?

Kipo dada. Vedel alivyofariki, kiti chake namba 5 pale Académie française alikuja kuchaguliwa Assia Djebar, mwandishi wa Algeria, mwaka 2005. Desturi yao ni kwamba anayeingia lazima atoe hotuba ya kumsifu aliyemtangulia. Kwahiyo Juni 2006 mwanamke wa Kiafrika, mtoto wa nchi iliyopigana na Ufaransa kupata uhuru, akasimama Paris kumweleza profesa wa sheria wa Auch, na katika hotuba hiyohiyo akazungumzia kidonda cha ukoloni waziwazi mbele yao. Hotuba inapatikana bure kwenye tovuti ya Académie, ni ya Kifaransa. Kama Kifaransa kinakusumbua kuna Alliance Française hapa Arusha wana madarasa, na ukikwama sehemu nitumie aya, ntakutafsiria.

Mama wa Njiro, jibu la baba likiwa vinginevyo niandikie tena. Na huyo kijana wako akitaka orodha ya vyuo vyenye masta ya sheria ya katiba aniulize yeye mwenyewe, toleo lijalo nitamjibu.